Pai Zilizoachwa Zipoe

Seaham
Jumanne, 4 Mei 1976

Clem wangu, mume wangu (acha niliandike tena: mume wangu),

Leo muuza nyama ameniita Bibi Hindmarsh, nami nikageuka nyuma kumtafuta mama yako. Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akasema nisamehewe, bado nina kwenye nywele mchele wa kurushiwa harusini.

Jikoni nimepaka rangi ya manjano. Mama anasema inaumiza macho. Mimi naona kama jua limehamia kwetu, na unajua jua la huku halina mazoea ya kutembelea watu. Mezani nimeweka viti viwili tu, asije mtu wa tatu akajikaribisha.

Naisubiri Alhamisi kama mtoto anayesubiri Krismasi. Helikopta ikikutoa kwenye mtambo wenu wa mafuta huko baharini asubuhi na kukushusha Aberdeen, jioni uko kwangu. Ijumaa bendi yenu inapiga muziki klabu ya wachimba makaa, Jumamosi baa ya Nanga Mbili, halafu Jumapili mchana, Clem, ndiyo maonyesho yenyewe. Mpiga gitaa wenu Lance anasema makatibu wa burudani wa klabu zote za pwani watakaa meza za mbele na kalenda zao. Kila bendi inapewa nyimbo tatu, na wakiipenda wanaiandika palepale, Ijumaa hii kwangu, Jumamosi ile kwako, mpaka mwaka unajaa. Mwaka mzima unaimba huku kwetu na kulala nyumbani. Wasipoipenda, Jumatatu unatia sahihi karatasi ya kazi ya Norway, miaka miwili. Nimejaribu kuiwaza hiyo miaka miwili, nimeshindwa. Mimi bado niko kwenye mwezi wa kwanza wa ndoa na tayari nakosa pumzi.

Lakini watawapenda. Nani atakusikia wewe asipende? Unakumbuka siku ile tulipokutana, mwenyekiti wa klabu alivyokukata katikati ya ubeti kutangaza kwamba pai za nyama zimefika? Ukumbi mzima ulisimama ukakimbilia dirisha la jikoni, wakaacha viti vitupu, nawe ukabaki unaniimbia mimi peke yangu kwa sababu nilisahau kusimama. Shangazi hajanisamehe mpaka leo. Alikuwa amenituma pai mbili.

Koo limepona? Jumapili kwenye simu ya redio hukusema hata neno moja, ukamwachia yule fundi wa mitambo aniambie una mafua. Kunywa maji moto na asali. Lile koo ni nyumba yetu, Clem, ni jiko letu na paa letu. Lifunike vizuri.

Wako, mzima mzima,
Avril


Kwenye mtambo
Alhamisi, 6 Mei

Mpenzi Avril,

Ukungu umeshuka. Umetoka baharini asubuhi na sasa sioni mnara wa kuchimbia ambao uko hatua chache tu kutoka hapa nilipokaa. Helikopta moja imebahatika kutua na wanasema ikiondoka haitarudi mpaka kuwe kweupe. Viti ni vichache. Mimi sina kiti.

Barua hii anakuletea Rowland Tulip, yule wa Murton niliyekwambia anakoroma kama treni. Mkewe ameshikwa na uchungu, mtoto wa kwanza.

Waambie Purvis na Lance waimbe wenyewe. Purvis anayajua maneno yote, huwa anayaimba kimoyomoyo akipiga ngoma. Usihangaike sana na Jumapili, mpenzi. Watu wameishi Norway na hawakufa. Mshahara ni mzuri, na meneja anataka jibu Jumatatu.

Jiko la manjano nalipenda kabla sijaliona.

Clem


Seaham
Jumamosi asubuhi, 8 Mei

Clem wangu,

Posta wanasema barua zote ninazokutumia zinalala Aberdeen mpaka ukungu uinuke. Naandika hivyohivyo. Nisipokuandikia nitaongea na viti.

Tulip alifika jana mchana, akanisukumia barua yako mkononi na kukimbilia hospitali bila kuvua buti. Niliisoma nimesimama mlangoni. Kisha nikavaa lile gauni la bluu unalolipenda, nikaenda klabu kuitazama bendi yako bila wewe. Mlangoni mlinzi aliniuliza mume wangu yuko wapi aje anisainie kitabu cha wageni, maana mwanamke hawi mwanachama. Nikasema yuko ndani ya ukungu. Purvis ndiye aliyenisainia.

Clem, lilikuwa balaa. Purvis aliimba. Maneno anayajua kweli, ila anayapiga kama anavyopiga ngoma. Watu walivumilia, unawajua, wanakaa na bia zao na nyuso za watu wanaosubiri basi. Kisha bingo ikaanza, kila mtu na kadi yake ya namba na fedha yake mezani. Ukumbi ukanyamaza kuliko kanisa. Kulikuwa na bibi mmoja meza ya jirani aliyebakisha namba moja tu. Kalamu alikwisha kuiinua. Yule anayeita namba akachukua mpira, akavuta pumzi, na hapo Purvis, akijifuta jasho kwenye giza la jukwaa, akaangusha ile sahani kubwa ya shaba ya ngoma zake. Ikazunguka sakafuni, ikazunguka, haikutaka kulala. Namba haikusikika. Ilipoitwa tena, mtu mwingine upande wa pili wa ukumbi akapaza sauti kwamba ni yake pia, na ugomvi ukaanza.

Bibi yule alimgeukia Purvis akamwambia polepole, "Mwanangu, mimi nilimzika mume wangu Jumanne na Alhamisi nikaja bingo. Hata kifo hakikunikatiza."

Mwenyekiti hakungoja bendi ipige sehemu ya pili. Alikwenda nyuma ya jukwaa na kusema, "Asanteni, vijana. Mlango mnaujua." Lance akafunga gitaa. Tukabeba vyombo tukapita katikati ya ukumbi wote, maana hakuna njia nyingine, na mimi nimekumbatia ile sahani ya shaba kama mtoto aliyefanya kosa.

Habari hizi zitafika Nanga Mbili kabla yetu. Klabu za huku zinapeana habari haraka kuliko posta. Leo kaka yake Lance ataimba. Ana meno mazuri, hicho ndicho kitu kizuri ninachoweza kukisema.

Nimekaa jikoni kwetu kwenye manjano haya yote na ninaogopa. Rudi, Clem. Shuka kwa ngazi, panda meli ya samaki, sijui. Rudi tu.

Avril wako


Kwenye mtambo
Jumamosi, 8 Mei

Avril,

Hii sitaituma, kwa hiyo naweza kusema kweli.

Nilipokuwa narudi kazini baada ya harusi, nilipita kwa daktari Aberdeen. Alitia kioo kidogo kooni mwangu akatazama kwa muda mrefu. Kuna vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti. Ni miaka ya kupiga kelele juu ya mashine, na baada ya hapo kupanda jukwaani kila likizo kuimba juu ya ngoma za Purvis. Anataka kuvikata. Baada ya kukatwa nisitoe sauti mwezi mzima, hata kunong'ona. Nikamuuliza, kisha? Akasema nitaongea. Nikamuuliza tena, na kuimba? Akasema, "Bwana Hindmarsh, nimekwambia utaongea."

Siku ile ya simu ya redio nilifungua mdomo ikatoka hewa tu.

Na kiti nilikuwa nacho. Jina langu lilikuwa la pili kwenye orodha. Tulip alipoanza kuzunguka akiomba mtu ampishe, kijana mmoja ambaye hana mke wala mbwa alikwisha kuinua mkono. Nilimwahi. Nilimsukuma Tulip ndani ya helikopta kwa mikono miwili. Wote wakanipigapiga mgongoni kwa wema wangu. Sikuwa na wema wowote. Kichwani nilimwona mke wangu meza ya mbele akinitazama, nami nafungua mdomo.

Ulinipenda nikiimba, Avril. Wengine wote walifuata pai, wewe ukabaki. Ungebaki kwa ajili ya nini sasa?

Nikienda Norway hutajua. Nitakuletea mshahara na hadithi, na nyimbo nitasema nimezichoka.

C.


Seaham
Jumapili asubuhi, 9 Mei

Clem,

Jana usiku Tulip alikuja Nanga Mbili. Amepata binti, uso mwekundu kama nyanya, naye Tulip analia na kucheka na kumnunulia bia kila mtu. Aliponiona alivuka baa nzima, akapiga goti mbele yangu kati ya viatu vya watu na maganda ya karanga, akasema kila atakapomwona mtoto wake atakukumbuka wewe.

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwani hajakwambia? Kiti kilikuwa chake, mama. Kijana mwingine alitaka kunipisha, Clem hakukubali. Alinisukuma ndani mwenyewe. Hakufikiri hata mara mbili."

Nilitabasamu, Clem. Nilimpongeza. Kisha nikaenda chooni nikashika sinki.

Uliniandikia kwamba huna kiti. Kulikuwa na mtu wa kumpisha Tulip, na wewe ulikuwa na mke anayesubiri. Nimeligeuza kila upande usiku kucha. Kama umenichoka, mwezi mmoja ni mfupi mno kunichoka. Hata mapazia sijamaliza kushona. Kama unaitaka Norway, niambie wewe. Nisiambiwe na viti vya helikopta.

Bendi yako haikufukuzwa jana. Ilikuwa vibaya zaidi. Watu waliigeuzia mgongo wakacheza mchezo wa kurusha vishale ukutani. Mwishoni kaka yake Lance alisema leo haji, na Purvis akaanza kulegeza ngoma zake akisema basi, mambo yamekwisha, Jumatatu anampigia simu mjomba wake kuhusu kazi ya bohari. Lance alikuwa anatazama bia yake.

Sijui ni nini kilichonisimamisha. Nadhani ni hasira. Nikawaambia nitaimba mimi. Purvis akacheka, kisha akaona sicheki. Nikamwambia nimeimba nawe sauti ya pili jikoni kila siku uliyokuwa nyumbani, nazijua nyimbo zote na mahali unapovuta pumzi. Akasema Jumapili mchana ukumbi ni wa wanaume peke yao. Nikasema basi watanisikia vizuri.

Tunaondoka sasa hivi. Tulip anarudi kazini kwa treni ya jioni, nitampa barua hizi zote. Nimevaa gauni la bluu. Mikono yangu ni ya baridi kama samaki. Ninakupenda na nimekukasirikia, na sijui ni kipi kinachonipeleka ukumbini.

Avril


Kwenye mtambo
Jumapili jioni, 9 Mei

Avril,

Wanasema kesho kutakuwa kweupe. Muda huu maonyesho yamekwisha na vijana wamekwisha kurudi makwao. Nimekaa mchana kutwa nikisikia nyimbo tatu kichwani.

Nimetia sahihi ya Norway. Karatasi iko mfuko wa shati. Helikopta ya asubuhi ikitua nitampa meneja mkononi.

C.


Seaham
Jumapili jioni, 9 Mei

Clem,

Tulip yuko jikoni anakunywa chai, buti mlangoni safari hii, kwa hiyo naandika haraka.

Mlinzi wa mlangoni alinyoosha mkono kunizuia. Akauliza huyu ni mke wa nani. Purvis, yule Purvis wetu, akasema, "Leo si mke wa mtu. Ni mwimbaji." Tukapita.

Ukumbi mzima ulikuwa kofia na moshi. Makatibu mbele, kalenda mezani, kalamu zimelala. Mwenyekiti ni Bwana Arkless, mzee mwenye shingo kama gogo. Anakaa kwenye kibanda chake pembeni na kipaza sauti chake. Akatutangaza kwa jina la bendi, akatulia, akanitazama, akaongeza, "Na mabadiliko madogo." Wakacheka. Kuna aliyeuliza kama mabadiliko yamekuja na ruhusa ya mumewe.

Wimbo wa kwanza niliuimbia viatu vyangu. Wa pili niliuimbia ukuta. Wa tatu ulikuwa ule wako wa taa ya jikoni, ule ulioutunga kabla hatujaoana, mwanamke anaacha taa ikiwaka kwa ajili ya mtu wa zamu ya usiku. Nilipofika ubeti wa pili dirisha la jikoni likafunguliwa. Clem, pai zilikuwa zimefika. Nilisikia harufu ya mchuzi. Trei tatu zikatokea pale dirishani, mvuke unapanda, na kila pua ukumbini ikageuka. Nikamwona Bwana Arkless anainamia kipaza sauti chake. Nikajua yamekwisha. Watasimama wote, na safari hii hakuna msichana mjinga wa kubaki kitini.

Akatazama pai. Akanitazama mimi. Akazima kipaza sauti, akakunja mikono.

Hakuna aliyesimama. Niliimba beti zote, hata ule wa mwisho ambao wewe unasema ni mrefu mno kwa klabu. Nilikuwa namwimbia mtu aliyekitoa kiti chake kwa Tulip, na nadhani ilisikika. Nilipomaliza, trei zilikuwa bado zimejaa pale dirishani. Kisha Bwana Arkless akawasha kipaza sauti na kusema, kwa upole kama mtu anayetoa salamu za rambirambi, "Waungwana, pai zimefika. Zimefika kitambo."

Walikula pai baridi wakiwa kwenye foleni mbele ya Lance, kila mmoja na kalenda yake. Mwaka umejaa, Clem. Umejaa mpaka Mei ijayo.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapougua. Purvis aliwaambia mwimbaji wetu halisi yuko njiani anarudi. Katibu wa klabu ya Horden akasema arudi salama, ila kwake waje na yule binti. Wa nyuma yake akasema hivyohivyo. Wote wamesema hivyo. Nilikwenda kukushikia kiti chako kisichukuliwe na mtu, na nimekaa mimi. Sikukusudia. Ukisema niache, nitaacha kesho, naapa kwa pete hii.

Na kuna hili. Nimemuuliza Tulip unaendeleaje huko. Anasema zamani ulikuwa unaimba kwenye foleni ya kuoga mpaka wanakurushia sabuni, ila siku hizi hata salamu unaitikia kwa mkono, na mezani unaonyesha chakula kwa kidole. Anadhani ni mawazo ya mwanamume aliyeoa karibuni. Mimi nimeikumbuka ile simu ya redio.

Clem, kabla hujampa meneja chochote, nijibu swali moja. Una sauti?

Avril


Kwenye mtambo
Jumatatu, 10 Mei

Avril wangu,

Hapana. Sina.

Tulip alishuka kwenye helikopta ameshika barua zako juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto. Nilikuwa kwenye ngazi, meneja mbele yangu, mkono wake umekwisha kunyooshwa. Nikainua kidole kimoja kumwomba angoje. Nimezisoma zote nimesimama. Alingoja, kisha akachoka kungoja, akaenda.

Humu ndani utakuta barua zangu mbili ambazo sikukusudia uzione. Soma ile ya Jumamosi kwanza. Nilikudanganya juu ya kiti na yote yameandikwa humo, sina la kuongeza isipokuwa kwamba sikukuchoka. Nilikuwa namwogopa mtu mmoja tu duniani, yule anayesahau kusimama.

Bahasha ya barua hizi nimeikunja kwa ile karatasi ya Norway. Usishtuke ukiona sahihi. Haijafika mkononi mwa mtu.

Usiache kuimba. Hujaniibia kitu, nilikuwa nimekwisha kukipoteza, na kama kilikuwa lazima kiangukie mahali, nashukuru hakikuanguka kama sahani ya Purvis. Nimeusoma ule mstari wa Bwana Arkless mara nyingi mpaka Tulip ameniuliza ninalilia nini. Nikamwonyesha. Na yeye akalia, lakini yeye siku hizi analilia kila kitu.

Jumatano napata kiti, na hiki simpi mtu hata akiwa anajifungua mwenyewe. Alhamisi daktari wa Aberdeen ananikata. Wakiniruhusu tu, napanda treni. Kwa hiyo nikifika sitakuita, mpenzi. Usidhani nimenuna. Nitagonga kioo cha jikoni, nawe uje ufungue, na mwezi mzima itakuwa kazi yako kuongea kwa ajili ya wawili, jambo ambalo sidhani litakushinda.

Ninaogopa, Avril. Sijui mimi ni nani nikiwa kimya. Wewe pia hujui, hujapata kukutana naye.

Mwambie Purvis anisainie mlangoni kama mgeni, na uniwekee kiti meza ya mbele. Miaka yote hii sijawahi kuitazama bendi ile nikiwa nimekaa. Pai zikitangazwa, wasimame wote. Mimi nitakuwa nimesahau.

Mume wako,
Clem